EDGAR ALLAN POE, FUNDI WA HADITHI ZA KUTISHA

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Vile vitabu vya hadithi fupi za kutisha ambavyo huzunguka mabwenini kutoka kitanda hadi kitanda mpaka majalada yakang'oka, navyo viliundwa. Fundi mkuu aliyeweka msingi wake, ingawa hakuwa peke yake, ni Mmarekani aliyeitwa Edgar Allan Poe. Nimeonelea nikusimulie maisha yake, mpenzi msomaji, kwa sababu wako watu wengi, hata humu chamani mwetu, wanaoshikilia kwamba apendaye hadithi za damu na makaburi ana walakini kichwani. Mimi nasema la, hasha! Hebu tumfuate mtu huyu tangu utotoni, kisha uamue mwenyewe.

Poe alizaliwa tarehe 19 Januari 1809 mjini Boston. Wazazi wake, David na Elizabeth, walikuwa waigizaji wa jukwaani, kazi ambayo siku hizo ilikuwa ya kuhamahama na ya mkono mtupu. Baba aliiacha familia akaenda zake. Mama naye akaugua, na Desemba 1811 akafariki mjini Richmond, jimbo la Virginia. Maskini, Edgar hata hakuwa ametimiza miaka mitatu! Watoto walikuwa watatu, na kila mmoja akachukuliwa na watu wake. Edgar alichukuliwa na mfanyabiashara John Allan na mkewe Frances, na ndiko alikotoa lile jina la Allan. Walimvisha, wakamlisha, na kati ya 1815 na 1820 wakaishi naye Uingereza, ambako alisoma. Lakini Bwana Allan hakumfanya mwanawe kisheria, na jambo hilo ndilo lililokuja kumponza.

Mwaka 1826 Poe aliingia Chuo Kikuu cha Virginia. Pesa alizopewa na baba mlezi hazikutosha, basi kijana akadhani kamari itamwokoa. Kumbe wapi! Kabla mwaka haujakwisha alikuwa na deni la karibu dola 2,000. Allan alikataa kulilipa, na masomo yakaishia hapo. Mwaka 1827 alijiandikisha jeshini kwa jina la uongo, Edgar A. Perry, na mwaka huohuo akachapisha kijitabu cha mashairi ambacho hakikuwa hata na jina lake. Jeshini alipanda vyeo upesi. Baadaye aliingia chuo cha maafisa wa kijeshi cha West Point mwaka 1830, lakini hakukaa. Alianza kukwepa gwaride na masomo makusudi hadi mahakama ya kijeshi ikamfukuza mwaka 1831. Allan alipofariki mwaka 1834 hakumwachia hata senti moja. Mtoto aliyelelewa katika nyumba ya tajiri akawa sasa hana mbele wala nyuma.

Ng'ombe akivunjika guu hukimbilia zizini. Poe alikimbilia Baltimore kwa shangazi yake, Maria Clemm, mjane aliyekuwa fukara kama yeye. Huko ndiko alikoanza kuandika hadithi fupi. Mwaka 1833 gazeti moja la mji huo lilimpa zawadi ya dola 50 kwa hadithi ya baharia aliyeandika masaibu yake na kuyatia ndani ya chupa. Hapo akaamua kwamba ataishi kwa kalamu, uamuzi ambao ulimfanya alale njaa siku nyingi.

Sasa njoo tuitazame hadithi iliyoleta kishindo. Mwaka 1835 Poe alitoa hadithi iitwayo Berenice katika jarida moja la Richmond. Ndani yake mna mtu ambaye akili yake imenaswa na meno ya binamu yake, aliye pia mchumba wake. Msichana anaugua, anadhaniwa amekufa, anazikwa. Halafu yule mchumba anazinduka na kujikuta na kisanduku mezani, na kikianguka, yanamwagika meno yote thelathini na mawili. Na aliyezikwa, jamani, alikuwa bado hai! Wasomaji walilalamika. Mwenye jarida, Thomas White, naye aliingiwa na wasiwasi. Poe alimwandikia barua akikubali kwamba hadithi hiyo ilikaribia kuvuka mpaka, lakini akamweleza kwamba majarida yenye jina kubwa yalilipata kwa hadithi za namna hiyohiyo, ambamo kichekesho hukuzwa kikawa kioja na jambo la kutia hofu hukolezwa likawa la kuogofya kabisa. Alisema pia kwamba mtu hawezi kuthaminiwa kabla hajasomwa. White hakumtupa. Mwaka huohuo alimwajiri.

Mwaka 1836 Poe alimwoa Virginia, binti wa shangazi yake, aliyekuwa na umri wa miaka 13 tu ilhali yeye ana 27. Jambo hilo leo hapa kwetu ni kosa la jinai, na sina haja ya kulipamba. Waliishi watatu pamoja, yeye, mkewe na mama mkwe, wakihama kutoka mji hadi mji wakifuata kazi za uhariri zenye mshahara mdogo. Mwaka 1839 aliandika ile hadithi ya jumba la ukoo wa Usher linalodidimia ziwani pamoja na wenyewe. Kisha akazikusanya hadithi zake 25 katika mkusanyiko wa juzuu mbili, Tales of the Grotesque and Arabesque, uliobeba tarehe ya 1840. Zilichapishwa nakala 750. Unajua mwandishi alilipwa nini? Nakala 20 za kitabu chake mwenyewe. Pesa, hata ndururu hakuona.

Hata hivyo alijua anachokifanya. Mwaka 1842, alipokuwa akihakiki hadithi za mwenzake Nathaniel Hawthorne, alieleza siri ya hadithi fupi. Alishikilia kwamba sharti isomeke kwa kikao kimoja, nusu saa hadi saa mbili, na kwamba kila neno tangu la kwanza livute upande mmoja, kuelekea hisia moja iliyokusudiwa. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye utamu wa mikusanyiko ya hadithi za kutisha. Riwaya ndefu utaiacha uende chakulani, na ukirudi hofu imepoa kama ugali wa jana. Hadithi fupi haikupi nafasi hiyo. Inakushika mkono, inakuingiza gizani, inakutoa, basi. Halafu moyo ukitulia unafungua ya pili. Ni kama mtoto mchanga anayerushwa juu na mjomba wake. Juu huko anapiga kelele, na akidakwa anataka arushwe tena. Anajua kuna mikono chini.

Jambo la pili nililoligundua ni kwamba katika hadithi zake nyingi zinazotisha sana hamna zimwi wala jini. Katika The Tell-Tale Heart ya mwaka 1843, mtu anamwua mzee kwa sababu tu ya jicho lake, anamficha chini ya mbao za sakafu, na polisi wanapokuja anawapokea kwa tabasamu. Ghafla anaanza kusikia moyo wa maiti ukipiga, du, du, du, hadi anakiri mwenyewe bila kuulizwa. Nilipoisoma mara ya kwanza nilijikuta nausikiliza moyo wangu. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini Poe alikwenda mbele zaidi, akaonyesha kwamba kinachokula kinaweza kuwa ndani ya kifua chako.

Wakati huo nyumbani mwake mambo hayakuwa mema. Januari 1842 Virginia alikuwa akiimba, mara damu ikamtoka kinywani. Ulikuwa ugonjwa wa kifua kikuu, ambao siku hizo haukuwa na dawa. Kwa miaka mitano aliugua, akapata nafuu, akaugua tena, na mumewe kila mara akitumaini na kukata tamaa. Mwaka huohuo wa 1842 Poe alitoa hadithi ya Mauti Mekundu, ambamo mwana wa mfalme anajifungia katika jumba pamoja na marafiki elfu moja, milango imekazwa vyuma, akisherehekea huku tauni ikiwamaliza watu nje. Usiku wa dansi anatokea mgeni aliyevaa sanda yenye damu. Tauni imeshaingia, na haikupiga hodi. Sisi tuliokaa nyumbani mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona hatuhitaji kufafanuliwa hadithi hiyo.

Virginia alifariki tarehe 30 Januari 1847 katika nyumba ndogo huko Fordham, wakati huo kijiji nje ya New York. Aliyewatembelea alimkuta amelala juu ya majani makavu, amefunikwa koti kuukuu la mumewe, na paka wao akimlalia kifuani kumtia joto. Alikuwa na umri wa miaka 24.

Mimi nami nilifiwa na mamangu nikiwa darasa la sita. Siandiki haya ili nihurumiwe. Nakumbuka watu wazima walinong'ona jikoni na wakanyamaza nilipoingia. Kila mtu alitaka nisifikirie kifo, ilhali sikuwa na kingine cha kufikiria. Baadaye nilipozipata hadithi za Poe niliona mtu asiyeninyamazia. Yeye alilitazama kaburi, akalieleza lilivyo, akalipa mwanzo, kati na mwisho. Hofu ya maisha haina ukurasa wa mwisho, lakini hofu ya kitabuni unao, nawe ndiwe unayefunga jalada. Kwa nusu saa hiyo niliogopa kwa hiari yangu, na nilipomaliza nililala vizuri kuliko siku nyingi za nyuma. Wenzangu wanaodhani tunaosoma hadithi hizi twapenda maovu wangeuliza kwanza msomaji amebeba nini.

Sisemi kila hadithi ya kutisha ni njema. Ziko zinazorundika matumbo na mapanga kwa sababu mwandishi hana la kusema. Damu ni kama chumvi. Mchuzi bila chumvi hauliki, lakini hakuna anayekula chumvi tupu. Poe mwenyewe aliirudia Berenice baadaye akaondoa sehemu aliyoona imezidi.

Mwisho wa mtu huyu unafanana na hadithi zake. Tarehe 3 Oktoba 1849 alikutwa Baltimore karibu na kituo cha kupigia kura, akiwa hajitambui, amevaa nguo zilizoonekana si zake. Alipelekwa hospitalini, akaaga dunia tarehe 7 Oktoba akiwa na umri wa miaka 40. Hadi leo wataalamu wanabishana kuhusu kilichomwua. Waliomzika walihesabika kwa vidole. Siku mbili tu baada ya kifo chake, Rufus Griswold, aliyekuwa na kinyongo naye, alichapa tanzia ya kumchafulia jina, na uongo mwingine aliouongezea baadaye ulisadikiwa kwa miaka mingi.

Lakini chema hakizami. Huko Ufaransa mshairi Charles Baudelaire alimtafsiri kwa bidii akamfanya maarufu. Vitabu vya kukusanya hadithi za kutisha viliongezeka, kama ule mfululizo wa Pan Book of Horror Stories wa Uingereza, ulioanza 1959 ukafika juzuu ya 30 mwaka 1989. Na kuna uzi unaofika hadi kwetu. Poe ndiye aliyemwumba Dupin, mpelelezi wa mwaka 1841. Kutokana na Dupin, Arthur Conan Doyle alipata njia ya kumwumba Sherlock Holmes, na kwa kumfuata Holmes, Muhammed Said Abdulla wa Unguja alituletea Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale. Kwa hiyo anayesoma Bwana Msa na kiko chake amekwisha kuonja mkono wa Poe bila kujua.

Basi ndugu msomaji, ukimwona mwenzako amejikunyata pembeni na kitabu cha namna hiyo, usimcheke wala usimwite mchawi. Ngoja amalize, kisha mwombe akusimulie. Huenda ukajua jambo juu yake ambalo hajawahi kumwambia mtu.

Mwanachama, Kidato cha Tatu