Mwalimu Julius Kambarage Nyerere na Darasa la Wazee

Hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere hakuwa Mlutheri, wala jina lake halitafutwi katika daftari la ubatizo la usharika wowote wa mkoa huu. Alikuwa Mkatoliki aliyehudhuria Misa mpaka mwisho wa uhai wake. Hata hivyo, habari za watu wazima waliojifunza kusoma wakiwa na mvi kichwani, hapa Tunduma, Mbozi, Ileje na Momba kama ilivyokuwa kote nchini, haziwezi kuandikwa bila kumtaja. Wengi wanamkumbuka kama mpigania uhuru na Rais wa kwanza. Kurasa hizi zinamfuata katika kazi moja tu kati ya kazi zake nyingi, nayo ni ile iliyompa jina ambalo taifa zima lilimwitia.

Alizaliwa Butiama, karibu na Musoma, tarehe 13 Aprili 1922, mwana wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki na Mugaya Nyang'ombe. Siku ya kuzaliwa kwake mvua kubwa ilinyesha, ndipo akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Alichunga mbuzi wa baba yake na hakuingia shule mapema. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili alipopelekwa Shule ya Msingi Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa anajua Kizanaki tu na Kiswahili akikisikia kwa mbali. Jambo hilo lafaa kukumbukwa. Mtu aliyeanza kushika kalamu akiwa tayari ana akili ya kuona aibu yake mwenyewe hawezi kumcheka mzee anayeishika kwa mara ya kwanza akiwa na miaka sitini.

Mwaka 1937 alikwenda Shule ya Serikali ya Tabora, na mwaka 1943 akaingia Makerere kusomea ualimu. Mwaka huo huo alibatizwa na kupewa jina la Julius. Aliporudi kutoka Uganda alikuwa na nafasi mbili mbele yake: kufundisha shule ya serikali, au kufundisha Shule ya Mtakatifu Maria ya Mapadre Weupe, pale pale Tabora. Alichagua ya pili.

Ni hapo Tabora, kati ya mwaka 1946 na 1949, tunapokutana na kijana Nyerere katika kazi ambayo waandishi wengi wa maisha yake huipitia kwa mstari mmoja. Mchana alifundisha wanafunzi wa sekondari kwa mshahara. Katika saa zake za mapumziko aliwafundisha Kiingereza watu wazima wa mjini, bila malipo yoyote. Hapakuwa na amri ya serikali iliyomtuma, wala ofisi ya kumkagua. Wanafunzi wake walikuwa watu wenye umri wa baba zake, na kijana yeyote aliyelelewa katika mila za Kiafrika anajua ugumu wa jambo hilo. Mkubwa hasahihishwi mbele ya watu. Mwalimu wa wazee hulazimika kusahihisha bila kuvunja heshima, kurudia bila kuonyesha kuchoka, na kumsubiri mwanafunzi anayechelewa kwa sababu alikuwa na mgonjwa nyumbani au baraza la ukoo. Ualimu huo haukufundishwa Makerere.

Katika miaka hiyo hiyo alifanya kazi kwa muda mfupi ya kukagua bei madukani, akaiacha alipoona taarifa zake hazifanyiwi kazi. Alikuwa pia katibu wa tawi la Chama cha Waafrika wa Tanganyika. Kwa msaada wa Padre Richard Walsh alipata nafasi ya kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, mwaka 1949, akarudi na shahada mwaka 1952. Akafundisha Shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu. Mwaka 1953 alimwoa Maria Gabriel na kuchaguliwa kiongozi wa Chama cha Waafrika. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa. Mwaka uliofuata aliacha kazi ya kufundisha darasani, kwa kuwa haikuwezekana tena kutumikia mabwana wawili. Mambo ya kati ya hapo na tarehe 9 Desemba 1961 yanajulikana kwa kila mtoto wa shule.

Linalosahaulika ni hali ya nchi aliyoipokea. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kuwa katika kila watu wazima mia moja, sitini na saba hawakujua kusoma wala kuandika. Katika maeneo ya kusini-magharibi, taa iliyokuwepo ilikuwa imewashwa zaidi na misheni. Wamisionari wa Berlin na wale wa Moravian walifika nchi ya Konde mwaka 1891, na Wamoravian wakaanza kazi Mbozi mwaka 1899. Kwao darasa la ubatizo na darasa la kusoma vilikwenda pamoja, na wainjilisti wa mwanzo, wengi wao wakiwa na elimu ndogo sana, walikuwa walimu wa jirani zao kabla neno kujitolea halijawa neno la siasa. Lakini darasa la misheni liliwafikia waliokuja. Waliobaki shambani walibaki hivyo hivyo.

Mwaka 1964, alipopeleka Bungeni Mpango wa kwanza wa Miaka Mitano, Nyerere alieleza hoja ambayo iliwashangaza wataalamu waliozoea kuhesabu elimu kwa watoto. Alisema, kwa ufupi, kwamba watoto hawataleta mabadiliko katika uchumi kabla ya miaka mitano, kumi au hata ishirini kupita, ilhali watu wazima wanaweza kubadili maisha sasa. Kwa hiyo mtu mzima aelimishwe kwanza. Watu wengi waliliona jambo hilo kuwa kinyume cha akili, kwa maana mti hukunjwa ungali mbichi. Nyerere hakulikataa neno la wahenga, bali aliona kwamba mwenye jembe, mwenye kura na mwenye kuamua kama mtoto ataenda shule au la ni yule mti uliokwisha kukomaa.

Utekelezaji ulichukua muda. Mwaka 1969 kazi ya elimu ya watu wazima ilihamishiwa Wizara ya Elimu. Katika hotuba ya mkesha wa mwaka mpya aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka uliofuata wilaya chache, zikiwemo Mafia na Ukerewe, zikapewa jukumu la kufuta ujinga wa kusoma kabla ya mwisho wa 1971. Kisha TANU ikaamua kwamba nchi nzima ifikie hapo ifikapo mwisho wa 1975. Hesabu haikukubali. Walimu wa mafunzo kamili hawakutosha hata kwa watoto, nao watu wazima walikuwa mamilioni.

Jibu likawa walimu wa kujitolea. Mtu aliyemaliza darasa la saba, mke wa karani, karani mwenyewe, mwanafunzi wa sekondari aliye likizo, mwinjilisti, mganga wa zahanati, askari: yeyote aliyejua kusoma aliombwa amfundishe asiyejua. Walipewa semina fupi, ubao, chaki na kitabu cha kuanzia. Posho iliyotolewa ilikuwa shilingi 30 kwa mwezi, ambayo mara nyingi ilichelewa, na kwa wengine haikufika kabisa. Madarasa yalikaa alasiri, baada ya jembe, katika shule, makanisani, misikitini, kwenye maghala ya ushirika na chini ya miembe. Vitabu vilivyotokana na mradi wa majaribio uliofanywa na UNESCO katika mikoa ya Ziwa tangu 1968 vilifundisha herufi kwa kutumia mambo ya kazi: pamba, migomba, ng'ombe, uvuvi. Mwanafunzi alitoka na silabi na njia ya kupanda kwa mistari kwa wakati mmoja.

Kwa wazee wa upande huu wa nchi kulikuwa na mlima mwingine. Kusoma kulifundishwa kwa Kiswahili tu, na bibi wa Kinyiha, Kinamwanga au Kindali aliyezaliwa kabla ya vita ya kwanza alikuwa na Kiswahili cha sokoni, kama alikuwa nacho. Alitakiwa ajifunze lugha na herufi pamoja. Mwalimu mwema alieleza kwa lugha ya nyumbani kisha akaandika ubaoni kwa lugha ya taifa. Hapa yule kijana wa jirani alimshinda mwalimu mwenye cheti aliyetoka mbali, maana alijua neno la shambani na alijua namna ya kumwamkia mwanafunzi wake kabla ya kumwuliza swali. Jioni alikuwa mwalimu, na asubuhi akawa mjukuu tena.

Miaka hiyo ndiyo iliyoigeuza Tunduma. Bomba la mafuta la kwenda Zambia lilikamilika mwaka 1968, barabara kuu ikatengenezwa, na reli ya TAZARA, iliyoanza kujengwa mwaka 1970 kwa msaada wa China, ikafika mpakani mwaka 1973. Watu walikuja kutoka kila kabila. Mtu mzima asiyejua kusoma sasa alikutana na stakabadhi, tiketi, kibao cha stesheni na karatasi ya mpakani, na kila mara ilimbidi amtegemee mwingine ambaye pengine alimdanganya. Hamu ya kusoma haikuhitaji sana kuhubiriwa.

Redio nayo iliitwa kazini. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza, vikiongozwa na viongozi wapatao 75,000 waliofunzwa kwa ajili hiyo, wengi wakiwa wa kujitolea. Baada ya kipindi kikundi kilijadili, kisha kikaenda kuchimba choo au kufyeka majani yaliyozunguka nyumba. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Mwaka huo huo vilianza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa msaada wa Sweden, vikifuata mfano wa vyuo vya wananchi vya nchi za Kaskazini ya Ulaya ambavyo mwasisi wake, N. F. S. Grundtvig wa Denmark, alikuwa mchungaji wa Kilutheri. Kwa njia hiyo ya kuzunguka, mchungaji aliyefariki mwaka 1872 na Rais Mkatoliki walikutana katika kazi moja.

Mtihani wa kwanza wa taifa ulifanyika Agosti 1975. Wasiojua kusoma walikuwa wamepungua kutoka asilimia 67 hadi 39. Mwaka 1977 walikuwa 27, mwaka 1981 walikuwa 21, mwaka 1983 walikuwa 15, na mwaka 1986 asilimia 9.6. Wanawake ndio waliojaa zaidi madarasani. Tarakimu hizi zimejadiliwa sana na wataalamu, kwa kuwa kupita mtihani wa kusoma sentensi chache si sawa na kusoma kitabu, na wenye hatua ya chini wengi walisahau walipokosa cha kusoma. Lakini hata akizipunguza, mkosoaji mwaminifu hubaki na mamilioni ya watu waliofundishwa na majirani zao kwa karibu bure.

Si haki kumwandika Nyerere kama mtu asiye na doa. Kisomo kilikwenda sambamba na Operesheni Vijiji, na katika sehemu nyingi watu walihamishwa kwa nguvu, nyumba zao za zamani zikabomolewa. Mwalimu aliyetaka mtu mzima aelewe na kuamua mwenyewe aliongoza serikali ambayo katika jambo hilo haikumsubiri mtu mzima aamue. Mambo hayo mawili yalitoka katika mkono mmoja, na wazee waliopitia yote mawili huyasimulia kwa pumzi moja.

Pia mzigo aliowatwika wenye kujitolea ulizidi nguvu zao. Baada ya vita ya Uganda ya 1978 na 1979, na uchumi kuanguka, chaki ilikosekana, mafuta ya taa yakakosekana, posho ikakosa thamani. Walimu wakaondoka mmoja mmoja, wengine kwenda kutafuta riziki mpakani. Katika miaka ya 1990 idadi ya wasiojua kusoma ilianza kupanda tena. Kujitolea kwa jirani kulihitaji serikali nyuma yake, hata kama ni kwa sanduku la chaki tu, na serikali ilikuwa imechoka.

Nyerere mwenyewe aling'atuka urais mwaka 1985 na uongozi wa chama mwaka 1990, akarudi Butiama kulima. Aliyekuwa ametafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, sasa alikaa na Injili nne na kitabu cha Matendo ya Mitume, akazigeuza kuwa tenzi. Zilichapishwa mwaka 1996, yeye akiwa na miaka sabini na minne. Utenzi ni umbo ambalo asiyejua kusoma anaweza kulishika kwa kulisikia, na huenda hilo halikuwa mbali na mawazo ya mtu aliyekaa maisha yake yote akiwafikiria wasiojua kusoma. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Tarehe 23 ya mwezi huo alizikwa Butiama, katika ardhi ambako wakati mmoja alichunga mbuzi bila kujua herufi hata moja.