Askofu Mkuu Janani Luwum na Kaburi Lililobaki Wazi

Sisi tukaao Nakivubo tukiinua macho twaona kilima cha Namirembe na kanisa lake kubwa. Wengi hupita chini yake kila siku kwenda sokoni au kiwanja cha mpira, wala hawajui kwamba mwaka 1977 lilichimbwa kaburi kule juu, na aliyechimbiwa hakuletwa. Nataka kuwasimulia habari za mtu huyo, maana zina mafunzo kwetu.

Janani Luwum alizaliwa Mucwini, katika nchi ya Waacholi, kaskazini ya Uganda. Utotoni alichunga mbuzi, ndipo akaingia shule, akasoma kwa bidii hata akawa mwalimu. Mwaka 1948 aliokoka, akaacha ualimu ili ajifunze kazi ya kanisa. Alipewa upadre mwaka 1956, akaenda Uingereza mara mbili kuongeza elimu. Mwaka 1969 akawa Askofu wa Uganda ya Kaskazini, na mwaka 1974 Askofu Mkuu wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire.

Zamani hizo Idi Amin alikuwa ametwaa serikali tangu 1971, na watu wengi walikamatwa wasionekane tena. Luwum hakunyamaza. Usiku wa tarehe 5 Februari 1977 askari waliingia nyumbani kwake Namirembe wakitafuta silaha, wasipate kitu. Maaskofu wakamwandikia Rais barua ya kulalamika. Tarehe 16 waliitwa Nile Mansions, wakashitakiwa mbele ya askari wengi. Kisha wenzake wakaruhusiwa kwenda, yeye akabakizwa. Walikamatwa pia mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi.

Kesho yake serikali ilitangaza kwamba wote watatu wamekufa katika ajali ya motokaa. Basi, kama ilikuwa ajali, ingekuwa rahisi kuithibitisha. Daktari huru angepewa maiti aichunguze, na jamaa wangetazama. Lakini haikuwa hivyo. Jumapili tarehe 20 watu walifurika Namirembe, wakalizunguka kaburi lililochimbwa karibu na la Askofu Hannington, likabaki wazi. Jeneza lilipelekwa Mucwini chini ya ulinzi wa askari, likiwa limefungwa. Watu wa kwao walipolifungua, waliona alama za risasi.

Hapo ndipo naona kazi ya daktari wa maiti. Mtu asiye na elimu hiyo huona tundu tu. Daktari hutambua risasi ilipoingia na ilipotokea, na kama bunduki ilikuwa karibu, kwa kuwa baruti huacha masizi na kuunguza ngozi. Hutambua jeraha alilopata mtu angali hai, kwa jinsi damu ilivyoingia nyamani, na jeraha alilotiwa akiisha kufa. Hupiga picha, hupima, huandika. Maandishi hayo yaweza kusomwa mahakamani hata miaka ikipita.

Mwaka huohuo, tarehe 12 Septemba, Steve Biko alikufa mikononi mwa polisi wa Afrika Kusini. Waziri alitaka watu waamini kwamba alikuwa amegoma kula. Maiti ilichunguzwa, na daktari aliyechaguliwa na jamaa yake alikuwapo. Ikaonekana kwamba aliumizwa ubongo. Kweli, hakimu hakumtia mtu hatiani. Lakini ule uongo wa njaa ulianguka, na mwaka 1999 polisi walioomba msamaha wa kisheria kwa ajili ya kifo hicho walikataliwa. Habari za Luwum hatuna maandishi ya namna hiyo. Tuna ushuhuda wa waliofungua jeneza.

Mataifa yameona haja hiyo. Umoja wa Mataifa ulitoa mwongozo mwaka 1991, ukatengenezwa upya mwaka 2016, wa namna ya kuchunguza vifo kama hivi. Shauri lake kubwa ni hili: anayeshukiwa asiwe ndiye mchunguzi, na jamaa wa marehemu wasifungiwe mlango.

Leo sanamu ya Luwum imesimama juu ya mlango wa magharibi wa Westminster Abbey, London, tangu 1998, na tangu 2015 tarehe 16 Februari ni sikukuu Uganda. Heshima hizo ni njema. Lakini ninyi mnaosoma sayansi, na ninyi wanafunzi wa zamani mlio madaktari, mahakimu na maafisa wa polisi, mtakapoletewa maiti ya mtu aliyekufa kifungoni, tajiri au maskini, msitie sahihi kabla hamjatazama.