GANDHI ALIPOSOMEA UWAKILI

Kila mwaka wako miongoni mwetu watu wakeshao na vitabu wakijitayarisha kwa mitihani: makarani watafutao cheo, walimu watafutao cheti cha juu, vijana watakao kuwa mawakili. Wengi wao huuliza swali moja tu: nisome nini ili nishinde? Swali hilo si baya, walakini ni nusu ya swali. Nusu ya pili ni hii: nikisha kushinda, je, kazi nitaiweza? Mtu mmoja aliyezionja nusu zote mbili ni Mohandas Karamchand Gandhi. Dunia yamjua kuwa kiongozi wa Bara Hindi katika kudai uhuru. Lakini kabla ya hayo alikuwa mwanafunzi wa sheria, mwenye haya na hofu nyingi.

Gandhi alizaliwa Porbandar tarehe 2 Oktoba, 1869. Baba yake, aliyekuwa waziri wa mtawala wa huko, alifariki mwaka 1885. Mwaka 1888 kijana huyo aliingia chuo cha Bhavnagar, akakaa muhula mmoja tu, kwani masomo yalimlemea. Rafiki wa jamaa akashauri apelekwe Uingereza. Digrii ya nyumbani ingemchukua miaka minne au mitano, hali uwakili wa London ulipatikana kwa miaka mitatu. Mama yake aliingiwa na wasiwasi, asikubali mpaka mwanawe alipoapa kwamba hatagusa nyama, wala pombe, wala mwanamke. Wazee wa tabaka lake mjini Bombay wakamtenga kwa sababu ya safari ile. Kaka yake akabeba gharama, naye Gandhi akapanda meli tarehe 4 Septemba, 1888, hajatimiza miaka 19, akiacha nyuma mke na mtoto mchanga.

Katika Uingereza ya wakati ule, mtu hakuweza kuwa wakili wa kusimama katika mahakama kuu ila kwa kupitia moja ya vyama vinne vya kale vya mawakili vya London. Gandhi aliandikishwa katika Inner Temple mwezi wa Novemba 1888. Masharti yalikuwa mawili: kutimiza mihula 12 na kushinda mitihani. Ajabu ni kwamba muhula ulitimizwa kwa kula! Katika kila muhula mwanafunzi alipaswa kuhudhuria karamu sita zilizoandaliwa katika ukumbi wa chama. Kila watu wanne walipewa chupa mbili za mvinyo. Na kwa kuwa Gandhi hakunywa, wenzake walimgombania akae mezani pao.

Miezi ya kwanza alijaribu kujifananisha na waungwana wa Kiingereza. Alinunua kofia ndefu na suti za gharama, akalipa ada ya kufundishwa dansi na kupiga fidla. Baada ya kama miezi mitatu alitanabahi kwamba hakuja kwa hayo, na kwamba kaka yake alikuwa akijinyima kwa ajili yake. Akahamia chumba kimoja, akajipikia uji wa shayiri na kakao, akaenda kwa miguu maili nyingi kila siku, akaandika kila peni aliyoitumia. Chakula cha siku kikamgharimu shilingi moja na peni tatu.

Mitihani yenyewe ilikuwa miwili: wa sheria za Kirumi na wa sheria za Kiingereza. Kwa kumbukumbu zake mwenyewe, haikuwa migumu. Wengi walisoma muhtasari uliochapwa, wakafaulu ule wa kwanza kwa juma mbili na ule wa pili kwa miezi miwili au mitatu. Katika ule wa kwanza walioshinda walikuwa 95 hadi 99 katika kila 100. Vitabu vyenyewe havikufunguliwa ila na wachache.

Hapo ndipo Gandhi alipoachana na wengi. Aliona kuwa kutosoma vitabu ni udanganyifu, akavinunua kwa fedha nyingi. Alikuwa amekwisha kujifunza Kilatini kwa ajili ya mtihani mwingine wa Chuo Kikuu cha London, akakishindwa mara ya kwanza, akarudia, akafaulu. Basi akazisoma sheria za Kirumi kwa lugha hiyo hiyo. Sheria za Kiingereza zilimtoa jasho kwa miezi tisa.

Tarehe 10 Juni, 1891 alipewa uwakili. Tarehe 11 akaandikishwa katika Mahakama Kuu. Tarehe 12 akapanda meli kurudi kwao. Moyoni hakuwa na furaha. Misingi ya sheria aliijua, lakini hakujua jinsi ya kuandika madai wala kumtetea mtu, na sheria za Kihindu na za Kiislamu hakufundishwa. Alipofika aliambiwa kwamba mama yake amekwisha kufariki.

Kesi yake ya kwanza mjini Bombay ilikuwa ndogo, ya ujira wa rupia 30. Aliposimama kuwahoji mashahidi kichwa kilimzunguka, asiweze kutamka hata swali moja. Akaketi, akarudisha ujira, kesi akapewa mwingine. Akaomba kazi ya ualimu, akakataliwa kwa kuwa hana digrii. Mwisho alikwenda Rajkot akawa mwandishi wa maombi ya watu.

Mwaka 1893 kampuni ya mfanyabiashara Dada Abdulla ilimwita Afrika ya Kusini kwa mwaka mmoja na ujira wa pauni 105. Njiani alipita Lamu, Mombasa na Unguja. Kesi iliyomngoja ilikuwa ya hesabu za biashara, naye hakujua utunzaji wa hesabu. Hakuona haya, alinunua kitabu akajifunza. Aliichimba kesi mpaka akaijua kila pembe, kisha akaona kwamba gharama za mahakama zingewala wadai na wadaiwa pia, nao ni watu wa ukoo mmoja. Akawashawishi wakubali mwamuzi. Upande wake ukashinda kama pauni 37,000, naye akamwomba tajiri wake apokee malipo kidogo kidogo ili mwenzake asifilisike. Hapo ndipo alipojifunza kazi ya wakili. Na zile sheria za Kirumi zikamfaa, kwani sheria za Afrika ya Kusini zilijengwa juu yake. Mwaka 1894 chama cha mawakili wa Natal kilimpinga kwa sababu ya rangi yake, lakini mahakama ikamkubali.

Mwaka 1922 alifungwa na serikali ya Kiingereza kwa kosa la uchochezi, na Inner Temple ikalifuta jina lake. Ililirudisha mwaka 1988, miaka 40 baada ya kuuawa kwake tarehe 30 Januari, 1948. Hati aliyopewa iliweza kufutwa kwa kalamu. Ujuzi wake haukuweza.

Basi, ndugu, ukeshaye na kitabu, usidharau mtihani, kwa maana ndio mlango. Lakini usiridhike na muhtasari wa kukuvusha siku moja. Na ukisha kuingia, ukaona miguu yatetemeka, usidhani umepotea. Yule ambaye leo twamhesabu kuwa mkubwa alitetemeka vivyo hivyo kwa kesi ya rupia 30, kisha akaenda kujifunza asichokijua.