Bose, mwalimu wa Dhaka aliyezihesabu chembe upya

ASUBUHI katika mashamba ya chai ya Itumbe, Kisii, tone la umande hukaa juu ya jani bila chombo cha kulishikilia. Molekuli za maji huvutana, lakini zikikaribiana mno husukumana. Gesi haina tabia hiyo, ikifunguliwa hutawanyika. Hata hivyo, mnamo 2015 mwanafizikia Dmitry Petrov alionyesha kwa hesabu kwamba gesi ya atomu zilizopozwa kupita kiasi yaweza kujishika yenyewe ikawa tone. Mwaka uliofuata matone ya jinsi hiyo yalionekana katika maabara ya Stuttgart, Ujerumani.

Msingi wa hesabu hizo uliwekwa na mtu ambaye hakuwa na maabara kama hiyo wala shahada ya udaktari. Satyendra Nath Bose alizaliwa Calcutta, India, Januari 1, 1894. Mwaka 1921 alikwenda kufundisha katika chuo kikuu kipya cha Dhaka, mji ambao leo ni makao makuu ya Bangladesh. Huko, kanuni ya Max Planck kuhusu nuru ilimkera: ilikuwa sahihi, lakini njia ya kuifikia haikumridhisha.

Tatizo, aligundua Bose, lilikuwa katika kuhesabu. Mtu akirusha sarafu mbili, matokeo ni manne, kwa kuwa picha na nambari ni tofauti na nambari na picha. Lakini ikiwa sarafu hizo hazitofautishiki kabisa, hata kwa jina, matokeo hayo mawili ya katikati huwa moja tu, na jumla yake ni matatu. Ndivyo, kwa hesabu ya Bose, zilivyo chembe za nuru. Jambo dogo, mtu atasema. Lakini kanuni ya Planck ilitoka humo moja kwa moja.

Jarida moja la Uingereza halikuichapisha makala yake. Juni 1924 akamwandikia Albert Einstein, ambaye hakuwahi kukutana naye, akamwomba msaada. Einstein aliitafsiri makala hiyo kwa Kijerumani kwa mkono wake mwenyewe na kuipeleka ichapishwe. Kisha akaitumia hesabu hiyo kwa atomu, akatabiri kwamba zikipozwa vya kutosha nyingi zitajikusanya katika hali moja, zikitenda kama kitu kimoja.

Ilichukua miaka 70. Mwaka 1995 Eric Cornell na Carl Wieman waliifikia hali hiyo huko Boulder, Marekani, kwa atomu za rubidi. Katika tone la Petrov, atomu za namna hiyo huvutana, na mitikisiko ya kikwantamu, ambayo kwa kawaida ni hafifu mno, ndiyo huzizuia zisiporomokeane.

Cornell, Wieman na Wolfgang Ketterle walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Bose alipendekezwa zaidi ya mara moja, asipewe. Paul Dirac ndiye aliyeziita chembe za aina hiyo bosoni, kwa heshima yake.

Aliporejea Calcutta, Bose alishikilia kwamba sayansi yaweza kufundishwa kwa Kibengali, lugha ya mama yake. Mwaka 1948 alianzisha chama cha kazi hiyo, kilichotoa jarida lake. Alifariki Februari 4, 1974, akiwa na umri wa miaka 80.