Ibn al-Baytar: Tabibu wa mitishamba aliyetaka ushahidi

Siku hizi ukipita katika mitaa ya miji yetu, iwe Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Zanzibar, haikosi utakutana na duka la dawa za Sunna. Ndani utakuta habasoda ya unga na ya mafuta, asali, uwatu, mlonge, mafuta ya zaituni, na vichupa vingine ambavyo karatasi zake zinasema vinatibu sukari, presha, vidonda vya tumbo, upungufu wa nguvu za kiume na kila ugonjwa sugu. Muulize muuzaji ni mmea gani uliomo ndani, umechumwa wapi, na mwanamke mwenye mimba atumie kiasi gani. Mara nyingi utajibiwa kwamba hii ni mitishamba tu, haina madhara, na tena ni dawa ya Mtume (s.a.w.). Ukisikia hivyo, mjadala umefungwa.

Katika historia ya Uislamu wamepita watu walioijua mitishamba kuliko hao wote, na aliye mashuhuri zaidi katika fani hiyo ni Ibn al-Baytar. Huyu ndiye ambaye vitabu vya Ulaya na vya Waarabu vinamtaja kuwa mjuzi mkubwa kabisa wa mimea ya dawa katika zama za kati. Ukiyapitia maisha yake utaona kwamba jibu la muuzaji wetu asingelikubali hata kutoka kwa mtoto anayebeba kikapu chake.

Jina lake kamili ni Dhiyauddin Abu Muhammad Abdullah bin Ahmad. Alizaliwa Malaga, mji wa bandari kusini mwa Andalusia, ambayo leo ni Hispania. Mwaka wa kuzaliwa kwake unaotajwa sana ni 1197. Neno baytar kwa Kiarabu ni tabibu wa wanyama, kwa hiyo watu walimwita mtoto wa tabibu wa wanyama, na jina hilo ndilo lililobaki.

Akiwa kijana alikwenda kusoma Sevilla, mji ambao Waislamu waliuita Ishbilia. Mwalimu wake mkubwa huko alikuwa Abul-Abbas an-Nabati. Huyu mwalimu anastahili tusimame kwake kidogo, maana kwake ndiko tunakoupata ufunguo wa mwanafunzi. Abul-Abbas alikuwa na fani mbili. Ya kwanza ni hadithi: alikuwa muhaddith aliyesafiri hadi nchi za Mashariki kutafuta wapokezi. Ya pili ni mimea, na safari zilezile alizokwenda kutafuta hadithi alizitumia kutazama majani na kuyaandika. Tena alikuwa na duka lake la mitishamba pale Sevilla. Kwa maana nyingine, alikuwa muuza duka kama hawa wa kwetu, isipokuwa alikuwa amelelewa katika elimu ambayo mtu hasemi neno mpaka ataje amelipokea kwa nani, na huyo aliyempokea ni mkweli au si mkweli.

Mwanafunzi aliichukua tabia hiyo na kuihamishia kwenye majani. Walikuwa wakitoka pamoja nje ya mji kuchuma na kulinganisha. Kisha, yapata mwaka 1219 au 1220, Ibn al-Baytar aliiacha Andalusia na hakurudi tena. Alipita Morocco, Algeria, Tunisia, Tripoli na Barqa, akaenda mpaka nchi ya Rum, yaani Uturuki ya leo, na hatimaye akafika Misri. Safari hiyo ilimchukua miaka, na shughuli yake njiani ilikuwa moja: kila alipofika aliuliza wenyeji mmea huu mnauitaje, mnautumia kwa nini, na unaota wapi.

Misri wakati huo ilikuwa chini ya al-Malik al-Kamil, mtoto wa ndugu yake Salahuddin. Sultani alimpa cheo cha mkuu wa wauza mitishamba wote wa Misri. Ni vyema ikafahamika kuwa cheo hiki hakikuwa cha heshima tu. Biashara ya dawa katika miji ya Kiislamu ilikuwa na macho juu yake. Vitabu vya muhtasib, yaani msimamizi wa masoko, vilikuwa na milango maalumu inayoeleza jinsi wauzaji wanavyoghushi dawa na jinsi ya kuwagundua. Ash-Shayzari, aliyeandika katika karne hiyohiyo ya 12 alimozaliwa Ibn al-Baytar, anaeleza namna afyuni ya Misri ilivyochanganywa na utomvu wa mimea mingine na gundi ili uzito uongezeke. Wizi wa dukani si jambo la jana.

Al-Kamil alipoitwaa Damascus, Ibn al-Baytar naye alihamia Sham, na huko ndiko alikokutana na kijana mmoja aliyekuja kuandika habari za matabibu wote, Ibn Abi Usaybia. Tunamshukuru kijana huyo, kwani bila yeye tungekuwa na vitabu vya Ibn al-Baytar lakini mtu mwenyewe tusimjue. Anasimulia kwamba walitoka pamoja kwenda viungani mwa Damascus kutazama mimea ilipoota. Mwalimu alikuwa akiusimamia mmea, anataja jina lake la Kigiriki kama lilivyo kwa Dioscorides, kisha anataja aliyosema Galen, kisha waliokuja baadaye, wapi wamekubaliana, wapi wamehitilafiana na nani amekosea. Mwanafunzi akirudi nyumbani alikuwa akivifungua vitabu kuhakikisha, na alikuta kila kitu kiko kama kilivyosemwa, mpaka sehemu ya kitabu na namba ya dawa yenyewe.

Zama hizo hizo, katika Sham hiyo hiyo, alikuwepo tabibu mwingine, Rashiduddin as-Suri, ambaye alitembea milimani akiwa na mchoraji mwenye rangi. Mmea ulichorwa ukiwa mchanga, ukachorwa ukiwa umekomaa, ukachorwa tena ukiwa umekauka, ili anayeununua mkavu sokoni aweze kuutambua. Nani leo anamwonyesha mteja wake mmea wa kilichomo ndani ya kichupa?

Kitabu kikubwa cha Ibn al-Baytar kinaitwa al-Jami li-Mufradat al-Adwiya wal-Aghdhiya, yaani mkusanyo wa dawa na vyakula, kimoja kimoja, kwa mpangilio wa alifu hadi ya. Kimeeleza vitu zaidi ya 1,400, vingi vikiwa mimea, na wanaokihesabu wanasema yapata 300 kati yake havikuwa vimeandikwa na waliotangulia. Ndani yake ametaja waandishi wapatao 150. Wengine ni Waislamu kama ar-Razi, Ibn Sina na al-Ghafiqi wa Andalusia. Wengine ni Wagiriki wasiokuwa na dini yetu, Dioscorides na Galen, na hao amewanukuu kwa ukamilifu kuliko wote. Hakuona aibu kuchukua elimu kwa mpagani, na kila neno alilirudisha kwa mwenyewe.

Katika utangulizi alieleza masharti aliyojiwekea. Lililothibiti kwake kwa kuona na kujaribu alilihifadhi. Lililokwenda kinyume alilitupa, bila kujali limesemwa na mtu wa kale au wa zama zake. Na aliahidi kuonyesha makosa ya matabibu waliotegemea karatasi peke yake. Ahadi hiyo aliitekeleza. Aliandika kitabu kizima kuonyesha makosa yaliyomo katika kitabu cha dawa cha Ibn Jazla wa Baghdad, mtu mashuhuri, Mwislamu mwenzake, aliyefariki miaka mingi kabla yake. Kuna watu wangesema huko ni kumvunjia heshima marehemu. Lakini kosa katika kitabu cha dawa halifi na mwandishi, linamngoja mgonjwa.

Sharti lake la mwisho ndilo linaloonekana dogo na pengine ndilo kubwa. Ni majina. Aliyesoma hata chuoni kwetu anajua kuwa ba, ta na tha zinatofautiana kwa nukta tu. Mwandishi akisinzia akaiweka nukta juu badala ya chini, dawa imekuwa dawa nyingine, na huenda imekuwa sumu. Kwa hiyo majina yenye mashaka Ibn al-Baytar aliyataja herufi kwa herufi na irabu zake, na akaongeza yanavyoitwa kwa Kiberberi na kwa lugha ya wenyeji wa Andalusia. Hili linatuhusu sana. Mmea mmoja kwetu mlonge, kwa wengine mzunze. Mwarobaini wa huku ni mkilifi wa kule. Hapo angalau ni majina mawili ya mmea mmoja. Hatari iko pale jina moja linapobeba mimea miwili, na mnunuzi hana habari.

Nitatoa mfano mmoja wa kazi yake. Alipokuwa Afrika Kaskazini alipata habari za mmea uitwao atrilal, jina la Kiberberi lenye maana ya mguu wa ndege, unaofanana na mimea ya jamii ya giligilani. Kabila moja la Kiberberi karibu na Bijaya, Algeria ya leo, walikuwa wakitibu kwa mbegu zake mbalanga, yale mabaka meupe ya ngozi, na siri hiyo walirithishana wao kwa wao. Ibn al-Baytar hakuishia kuandika kwamba atrilal inatibu mbalanga. Aliandika namna: mgonjwa hunywa mbegu zilizosagwa pamoja na asali, kisha hukaa juani na mabaka yake wazi, mpaka yanatoka malengelenge, yakipona ngozi hurudi rangi yake. Alieleza kuwa amelijaribu yeye mwenyewe zaidi ya mara moja.

Karne saba zikapita. Mwishoni mwa miaka ya 1940 wataalamu wa Cairo waliichukua mbegu hiyohiyo, wakatoa ndani yake kemikali ya kundi la psoraleni, na Dk. El Mofty wa huko akaitumia kwa wagonjwa wa mbalanga. Ikafahamika kwamba dawa hii inaifanya ngozi iwe nyepesi kuathiriwa na mwanga wa jua, na ndiyo maana bila jua haifanyi kazi. Mwaka 1974 madaktari wa Marekani walitangaza tiba ya vidonge vya kemikali hiyo pamoja na taa maalumu kwa ugonjwa wa ngozi wa soriasisi, nayo ikaenea hospitali nyingi duniani. Lakini hao hao walithibitisha pia kwamba ukizidisha unaungua, na ukitumia kwa muda mrefu hatari ya saratani ya ngozi inaongezeka. Sasa yule anayesema mitishamba haina madhara aeleze hapa. Mmea wenye nguvu ya kutibu ni mmea wenye nguvu, basi, na nguvu hiyo haichagui upande.

Tuje kwenye habasoda, ambayo Ibn al-Baytar ameiweka chini ya jina la shuniz. Hadithi ya habasoda imo katika Bukhari na Muslim na hakuna Mwislamu wa kuibisha. Pamoja na hivyo, aliyoyapokea kwa Dioscorides kuhusu mbegu hii ni pamoja na onyo kuwa ikinywewa kwa wingi inaweza kuua. Hadithi imetaja mbegu. Kipimo cha kijiko, mchanganyiko wa chupa na kumwachisha mgonjwa wa sukari sindano zake ni maneno ya muuzaji, na hayo hayana isnadi. Mimi siipingi mitishamba. Ninachokipinga ni kumbandika Mtume (s.a.w.) kwenye karatasi ya kichupa ili mnunuzi aone haya kuuliza.

Kwa upande wa Tanzania, sheria ya tiba asili na tiba mbadala ilipitishwa mwaka 2002, ikiwa ni Sheria Namba 23, na ikaunda baraza la kusajili waganga na dawa zao. Wako waliolalamika kwamba serikali inaingilia dawa za wazee na za dini. Malalamiko hayo yangemshangaza mtu aliyepewa na sultani Mwislamu kazi ya kuwasimamia wauza mitishamba wa nchi nzima.

Mbali na al-Jami, aliandika al-Mughni, chenye milango 20, akiwapangia matabibu dawa kwa viungo na maradhi, kuanzia kichwa, sikio na jicho, ili mwenye mgonjwa mbele yake asihangaike kupekua. Vitabu vyote viwili alivikamilisha chini ya watawala wa Kiayyubi, na baada ya al-Kamil kufariki mwaka 1238 aliendelea kumtumikia mwanawe, as-Salih Najmuddin.

Alifariki ghafla Damascus, mwezi wa Shaaban 646 Hijiria, sawa na mwishoni mwa mwaka 1248. Katika siku hizohizo za Novemba 1248, Sevilla, mji aliojifunzia, ulisalimu amri kwa mfalme wa Castilla. Duka la mwalimu wake na vichaka walivyochumia pamoja vikawa nchi nyingine.

Al-Jami kiliendelea kunakiliwa kwa mkono karne hadi karne. Mjerumani Sontheimer alikitafsiri kati ya 1840 na 1842, na akakosolewa vikali na Dozy, bingwa wa Kiarabu wa Uholanzi, kwa makosa aliyoyafanya. Kwa Kiarabu kilichapwa Bulaq, Cairo, mwaka 1874. Tafsiri iliyokubalika zaidi ni ya Kifaransa, iliyotoka kati ya 1877 na 1883, kazi ya Lucien Leclerc. Huyu alikuwa daktari wa jeshi aliyeishi Algeria, nchi ambayo atrilal bado inaota.