Padri Mersenne na namba tasa zilizozaa

Leo naweka kando soka na siasa. Namleta padri mmoja wa Ufaransa, Marin Mersenne, aliyefariki Paris tarehe 1 Septemba 1648 lakini jina lake bado linatajwa kwenye kompyuta.

Alizaliwa 8 Septemba 1588 kijijini Oizé, familia ya kawaida tu ya wakulima. Akasoma kwa Wajesuiti pale La Flèche, na mwaka 1611 akaingia utawa wa Waminimi, watu ambao nyama, mayai na maziwa kwao mwiko. Enzi hizo hakukuwa na majarida ya sayansi, so yeye ndo akawa kama posta. Anaandikiana na Descartes, Fermat na Torricelli, swali la huyu anampelekea yule. Yaani jamaa alikuwa seva kabla ya seva kuwepo!

Sasa ishu yenyewe. Namba tasa ni ile isiyogawanyika ila kwa 1 na yenyewe: 2, 3, 5, 7. Chukua 2 uizidishe yenyewe kwa yenyewe mara kadhaa, kisha toa 1. Ukizitumia mbili tatu unapata 7, ni tasa. Ukizitumia kumi na moja unapata 2047, ambayo ni 23 mara 89, imefeli. Mwaka 1644 Mersenne akatoa orodha yake mpaka 257, akisema zinazofaulu ni 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257.

Wadau, alichemsha! 67 na 257 hazifai, halafu aliziruka 61, 89 na 107. Ila hesabu hizo kwa mkono ni balaa, ndo maana kumsahihisha kulichukua karibu miaka 300. Ile ya 67 ina tarakimu 21, na vigawo vyake vilionyeshwa mwaka 1903 na Mmarekani F. N. Cole.

Kumbe lile kosa ndo lilikuwa mtaji. Watu walivyomkagua wakagundua njia mpya za kupima namba. Tangu 1996 watu wa kawaida duniani wanazitafuta kwa kompyuta zao kupitia mradi wa GIMPS, na Oktoba 2024 ikatangazwa yenye tarakimu 41,024,320.

Inatusaidia nini? Mimi mwenyewe shuleni nilikuwa naona usumbufu mtupu. Tuwe wakweli, dude kubwa hivyo halifanyi kazi popote mtaani. Siri za benki na barua pepe zinalindwa na namba tasa zenye tarakimu mamia tu. Lakini msako wenyewe unaikamua kompyuta mpaka ugonjwa wake unajitokeza. Mwaka 1994 profesa Thomas Nicely, akipiga hesabu za namba tasa, alinasa kosa la kugawanya ndani ya chipu ya Pentium, na Intel ikalazimika kubadilishia wateja. Mwaka 2016 programu ya GIMPS ikafichua kasoro kwenye chipu za Skylake.

Padri hakuacha mtoto, na namba zake tunaziita tasa, ila angalieni zilichozaa. Kwangu mimi, bora aliyethubutu akakosea kuliko aliyekaa kimya.

Nyie mnasemaje, ni elimu au ni kuchoma umeme bure? Mwageni maoni hapo chini. Tupo pamoja!