John Marshall, Jaji Mkuu wa Marekani

John Marshall alizaliwa Virginia mwaka 1755. Katika ujana wake alikuwa askari, akapigania uhuru wa Marekani. Mwaka 1801 akawekwa kuwa Jaji Mkuu. Hata mwaka 1803 mahakama yake ikaamua ya kuwa sheria yo yote ipinganayo na Katiba ni batili, ijapokuwa imetungwa na Bunge.

Mwaka 1832 akahukumu ya kwamba jimbo la Georgia halina amri katika nchi ya Wacherokee, wala halikuwa na haki ya kumfunga mmisionari Samuel Worcester aliyekaa kwao. Lakini Georgia haikutii. Worcester alifunguliwa mwaka uliofuata tu. Marshall akafa mwaka 1835. Mwaka 1838 askari wakawatoa Wacherokee katika nchi yao, na maelfu wakafa. Jaji hana jeshi. Hukumu yake yahitaji watu wa kuitii.